Kaburi la Kuazima

Nilipokuwa mtoto wa kaptula moja, ile inayofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi ikiwa bado mbichi, nilikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzangu aliyekuwa nayo kuanzia Msimbati mpaka Mikindani: nilikuwa mkalimani wa maiti. Cheka tu, nimezoea. Wenzangu walichunga mbuzi, walifukuza nyani kwenye mihogo, waliokota korosho. Mimi nilisimama mbele ya kaburi la mawe, nikakohoa kidogo kama karani wa bomani, nikamfikishia marehemu maneno ya bibi yangu kwa Kiswahili kilichonyooka. Shule niliiacha mapema, na wapo jamaa zangu wenye vyeti wanaonitania mpaka leo kwamba mimi ni utingo wa lori la korosho na nitazeeka utingo. Sawa. Lakini waulize hao wenye vyeti kama yupo hata mmoja aliyeaminiwa kazi nzito namna ile kabla ya kuota ndevu.

Bibi huyo ni mzaa mama. Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma. Mama yangu alikuwa ameolewa upande huu zamani, na baba yangu, mkulima wa korosho na mihogo, Mwislamu wa pale pale kitongojini kwetu, ile pembe ya chini ambako mto unaanza kuonja chumvi. Vita vya kudai uhuru vilipochachamaa ng'ambo, bibi akavuka na kundi la wanawake, akaja kwetu na mkeka, sufuria, na kifundo cha mbegu za mtama. Mwanawe wa kiume, Mjomba Amade, alibaki nyuma na mkewe. Alisema atavuna kwanza. Akavuna, msimu ukapita, hakuonekana.

Tangu hapo bibi hakutulia. Asubuhi utamkuta amesimama nyuma ya banda la kuku, anatazama upande wa mto, ingawa kutoka pale mto huuoni. Unaona mikoko tu na anga. Anarudi, anachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa. Anatoka tena. Mama alikuwa akimwambia, "Mama, kaa chini basi, unanitia kizunguzungu." Anakaa. Hujamaliza kumenya muhogo mmoja, kashasimama.

Na mimi nilikuwa na haraka yangu. Kwa watu wa kwa mama, mtoto ni wa mjomba. Baba atakulisha, atakuvisha, atakuchapa akipenda, lakini siku ya kuingia jando ni mjomba anayekushika mkono na kukutoa. Wenzangu walikwisha kuambiwa kwamba kiangazi kile wanaingia. Wakaanza kunizunguka: "Wewe utatolewa na nani? Na kuku?" Nikawajibu kwamba mjomba wangu ni mtu mkubwa ng'ambo, ana bunduki yenye mkanda wa ngozi, na siku akivuka watakimbia wote na mama zao. Bunduki hiyo nilimpa mimi mwenyewe. Mjomba wa watu alikuwa fundi wa kusuka vitanda.

Basi, siku moja akaja Chande. Huyu alikuwa mchukuzi wa chumvi. Alivuka mto na chumvi, akarudi na mtama, na katikati ya magunia alibeba habari za watu. Aliketi kibarazani akanywa maji, akasema, "Nimemwona Amade. Mzima. Yuko na mkewe, wamejificha kwenye matete karibu na kivuko. Kuna mtumbwi utavusha watu mwezi ukiwa gizani. Anauliza avuke nao, au angoje?"

Mama akasema, "Avuke!" Baba akasema, "Avuke, angoje nini?" Mimi nikasema avuke, ingawa hakuna aliyeniuliza. Bibi akamwuliza Chande kwa Kimakua, "Unaondoka lini?"

"Keshokutwa, mama."

"Ngoja mpaka keshokutwa, basi."

Kwao, jambo la kuvuka maji haliamuliwi kibarazani. Unachukua unga wa mtama, unakwenda kwa wazee wako waliolala, unawaambia, unaumwaga kwa mkono mmoja polepole mpaka usimame kama kichuguu kidogo chenye ncha. Unaufunika kwa bakuli, unaondoka bila kugeuka nyuma wala kuongea na mtu njiani. Asubuhi unafunua. Kichuguu kikiwa kimesimama na ncha yake, wamekubali. Kikiwa kimebomoka, wamekataa, na huwaulizi kwa nini. Huo unga wenyewe wanauita makeya.

Shida ya bibi ilikuwa moja: wazee wake wote wamelala ng'ambo. Upande huu hakuwa na kaburi hata la mtoto mchanga. Mtu wa namna hiyo anauliza wapi? Kaburi la upande wa baba hakutaka kuligusa, aliona ni kama kuingia jikoni kwa mkwe na kufunua vyungu. Kwa hiyo akaamua kuazima kaburi. Alitaka la zamani sana, lililosahauliwa, lisilo na mtu wa kuona wivu.

Hapo ndipo nilipozijua pembe za kwetu ambazo hata leo wageni wanaokuja Mtwara na kamera zao shingoni hawazijui. Wao utawasikia Kilwa, Kilwa. Nani amewaambia mawe yote yako Kilwa? Huku kwetu ukiacha njia ya mashamba na kupenya kichaka, huendi mbali kabla ya kujikwaa kwenye ukuta wa mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu yako. Ila hakuna kibao, hakuna mlinzi. Kuna siafu.

Siku ile ile Chande alipokuja tulitoka, bibi mbele, mimi nyuma na bakuli la bati kichwani kama kofia. Gofu la kwanza lilikuwa kandokando ya mikoko: ukuta mmoja wa matumbawe na chokaa, mlango usio na nyumba, mtini umekumbatia jiwe la juu. Bibi akazunguka, akachungulia, akasema, "Hapa waliishi. Hawakulala hapa. Twende." Hata sijakaa kupumua.

Gofu la pili lilikuwa msikiti mzima, kasoro paa. Kibla chake kilikuwa bado na tao lililochongwa vizuri mno, nikapitisha kidole kwenye michoro nikasikia jinsi mawe yale yalivyokuwa baridi wakati jua linaunguza. Makaburi yalikuwapo, tena mazuri, moja lina mnara, na kwenye mnara kuna vishimo vya duara mlimokuwa mmepachikwa sahani za kigeni, kimoja bado kina kipande cha buluu. Nikamwambia, "Bibi, hapa! Huyu alikuwa tajiri, atatusaidia." Bibi akainama, akagusa jivu jeupe chini ya mnara, akanusa kidole. Ubani. Juu ya mti palikuwa na vitambaa vyeupe. "Hawa wana watu wao," akasema. "Twende."

Lakini hakwenda mbali. Alipita nyuma ya ukuta, upande wa kisima kilichochimbika mdomo kwa kamba za watu wa kale, na pale, mbali na wenzake, peke yake kabisa, kulikuwa na kaburi dogo la mawe lililozama nusu kwenye majani. Hakuna mnara, wala sahani, wala jivu. Bibi akaling'olea majani kidogo, akakaa pembeni yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona amekaa bila kuambiwa.

"Huyu hana mtu," akasema. "Na mimi sina kaburi. Tutaelewana."

"Mtaelewanaje?" nikamwuliza. "Huyu ni mtu wa pwani. Kimakua atakijulia wapi?"

Akanitazama. Naapa hilo alikuwa hajalifikiria. Kiswahili chake bibi kilikuwa cha kununulia chumvi. Alikisema kama mtu anayetembea na mwiba mguuni, na *b* zote kwake zilikuwa *p*. Akatafakari, akafinya midomo, kisha akanishika bega.

"Mume wangu," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita, utani wa bibi na mjukuu, "utamwambia wewe."

Ndugu yangu, nilivimba. Nilivua bakuli kichwani. Nikajifuta vumbi magotini. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani angetuona pale angetuchapa bakora wote wawili, bibi na umri wake, lakini hakuwapo, alikuwa kwenye mihogo yake. Bibi akaniuliza, "Watu hawa wanaanzaje?" Nikasema wanaanza kwa salamu. Basi nikamsalimia marehemu, nikamwambia: Shikamoo Babu, mimi naitwa fulani mwana wa fulani, ndiye ninayewashinda wote hapa kwa mbio na kwa kuogelea, na huyu ni bibi yangu, mgeni wako.

"Maneno mengi hayo," bibi akanong'ona. "Nimesema umsalimie tu."

"Nimemsalimia."

Kisha akaanza kusema yeye, kwa Kimakua. Alisema kwa kujikaza, kidevu juu, kama mtu anayepeleka shauri kwa jumbe. Akahesabu ukoo wake. Akasema mwanawe ni mtu mzima, ana mke, ana akili zake, amekwisha kuvuka mito mingine, wala yeye hana wasiwasi, ila ni desturi tu kuuliza, kwa heshima, kama huu ni mwezi mzuri wa kuvuka au mwingine utafaa zaidi. Maneno marefu, yamepigwa pasi. Akamaliza, akaniashiria.

Mimi sikuwa na subira ya kubeba mzigo wote ule. Nikasema: "Babu, bibi yangu anaogopa mwanawe asife majini."

Bibi akanipiga kofi la mgongo. Kumbe Kiswahili cha namna hiyo alikielewa vizuri sana.

"Sikusema naogopa!"

"Umesema, bibi."

"Nimesema sina wasiwasi!"

"Ndiyo hivyo hivyo. Nimesema ulivyosema."

Upepo ulikuwa unapita kwenye mapengo ya ukuta. Bibi aliangalia kaburi, akaangalia mikono yake. Kisha akafungua kifundo cha unga na kuanza kumwaga, na nikaona mkono unatetemeka. Mkono uliokuwa ukitwanga tangu alfajiri bila kuchoka ulikuwa unatetemeka, na unga ukasimama kweli, lakini umeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Tukafunika bakuli, tukaweka jiwe juu yake. Tukarudi nyumbani bila kuongea. Mimi, bila kuongea! Njia nzima ulimi ulikuwa unaniwasha kama upupu.

Asubuhi tulifunua. Unga ulikuwa umelala chini, ncha hakuna. Nikapayuka papo hapo: "Bibi, mkono wako ndio ulitetemeka! Ulikuwa umeinama tangu jana. Mwaga tena!" Akakunja kitambaa chake, akasema, "Amekwisha sema." Akatembea moja kwa moja mpaka kibarazani na kumwambia Chande, "Mwambie Amade asivuke."

Palizuka maneno. Mama alilia. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kumpandishia mkwe sauti, alitoka nje na kwenda kupasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa. Mimi nikaenda nyuma ya banda na kulitukana lile kaburi matusi yote niliyoyajua, na niliyajua ya kutosha, ya Kimakonde, ya Kiyao na ya kwetu. Wenzangu wakaingia jando. Nikabaki na wasichana na watoto wa kunyonya. Nilikuwa nikisikia ngoma yao huko porini na miguu haitulii. Nikakimbia mpaka mikoko na kurudi, nikakimbia tena, bila kutumwa na mtu.

Chande alirudi mwezi ulipokuwa mwembamba. Hakukaa, hakuomba maji. Alisema ule mtumbwi ulipinduliwa na kiboko katikati ya mto. Waliofika ukingoni ni wachache. Amade alikuwa amesimama kwenye matete na mkewe, amemkasirikia mama yake, akaona yote.

Mama alikaa chini pale pale mchangani. Baba aliondoa kofia kichwani akaishika. Bibi hakushangilia, hakusema mnaona. Aliingia ndani, akatoka na ufagio.

Kuanzia hapo kila Ijumaa, wengine wakienda msikitini, sisi tulikwenda kufagia kaburi la kuazima. Bibi akalisafisha mpaka mawe yake yakaonekana yote, akaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu. Alimsalimia mwenyewe sasa, kwa Kiswahili chake. "Shikamoo, Papu." Mimi nilikuwa pale kwa mambo makubwa. Mambo makubwa hayakuwapo, kwa hiyo nilipanda ukuta, nikachungulia kisima, nikahesabu mijusi, na nikaendelea kumkumbusha Babu habari za mbio zangu.

Ijumaa moja tukakuta mtu. Mama mtu mzima, mweupe wa pwani, kanga mbili safi, chupa ya marashi mkononi, amesimama anatazama kaburi letu lililofagiwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta viti vimehamishwa. Jina lake Bi Zuhura, na alikuwa ametoka Mikindani kuwatembelea wazee wake, wale wenye mnara na jivu la ubani.

"Nyie ni akina nani," akauliza, "mnaotufagilia kaburi?"

Nikatoka mbele. "Sisi ni watu wa Babu."

"Babu gani?"

"Huyu hapa. Mzee wetu."

Bi Zuhura akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikiza ukutani. "Mzee! Mwanangu, huyu ni mwanamke. Ni bibi yetu wa huko nyuma kabisa. Na alikuwa na mdomo huyo! Tuliambiwa aliwasumbua waume zake mpaka ndugu wakakubaliana wamzike huku nyuma, wale wenzake kule wapate kupumzika."

Nikageuka kumfasiria bibi. Hiyo ndiyo fasiri ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipofika mahali pa mwanamke, bibi akaziba mdomo kwa kanga. Nikadhani analia. Kumbe mabega yanacheka.

"Nimemwita Papu miezi yote hii," akasema, "na yeye kanyamaza tu!"

Nikamfasiria Bi Zuhura. Akajifuta machozi. "Kanyamaza? Huyo hakuwahi kunyamaza maisha yake yote. Mwulize bibi yako, hajajibiwa kitu hapa?"

Bibi aliacha kucheka. Akasema polepole, mwenyewe, kwa Kiswahili, "Alinijipu." Kisha akamsimulia, kwa mdomo wangu, habari za unga na mtumbwi. Bi Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, akammiminia bibi marashi kiganjani kama mtu wa nyumbani.

"Basi mfagieni," akasema. "Sisi tumebaki wachache, na miguu yangu hii haifiki kila mwezi. Lakini mkimwita Babu tena, nitawashitaki."

Mvua zikaja, mto ukajaa, ukashuka. Kiangazi kilichofuata Chande akatokea na swali lile lile: Amade anauliza, avuke? Safari hii hakuna aliyejibu kabla ya bibi. Akachukua unga, nikachukua bakuli. Njiani nilikuwa nimekwisha tunga hotuba yangu, yenye salamu za pande zote mbili na kipande cha kuomba radhi kwa habari ya Babu. Tulipofika nikakohoa.

"Leo nenda kisimani," bibi akasema.

"Na Kiswahili nani atasema?"

"Mambo ya wanawake hayana Kiswahili. Nenda, mume wangu."

Nilifukuzwa kazi namna hiyo, bila onyo. Nikakaa kwenye mdomo wa kisima nikipiga mawe ndani kwa hasira, lakini masikio niliyaacha kule. Bibi alisema Kimakua chake muda mrefu. Hakuhesabu ukoo, na kidevu hakikuwa juu. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia jirani juu ya ua, "Naogopa, mwenzangu. Kila siku naogopa. Sili vizuri." Akasema tena kitu sikukisikia, akacheka kidogo, peke yake, au si peke yake, mimi sijui. Aliponiita nilete bakuli, unga ulikuwa umesimama wima, ncha kali kama mwiba wa nungu, na mkono wake umetulia.

Asubuhi ulikuwa vile vile.

Mjomba Amade alivuka. Alikuja kakonda, anachechemea, mkewe nyuma yake na tumbo kubwa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniuliza bunduki yake iko wapi, maana sifa zilikwisha mfikia ng'ambo. Alinitoa jando mwaka ule ule. Nilikuwa mrefu kuliko wote, nimesimama katikati ya vitoto kama mlingoti, na nikawaambia kwamba wao wameletwa na wajomba wa kawaida, wangu ameulizwa kwanza kwa wakubwa.

Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na alikaa chini, alikaa vizuri. Alipokufa tulimzika kando ya yule mama mwenye mdomo. Aliomba mwenyewe, na Bi Zuhura akaridhia, akasema huyo bibi yao atapata wa kugombana naye. Halafu likaja lile jambo la kuhamia vijiji vya pamoja. Tukabomoa, tukapanga sufuria kwenye trekta, tukapelekwa kando ya barabara, na ile pembe ya mikoko ikabaki na nyani. Mimi nikaingia mjini, nikapanda lori. Siku hizi nalala Likombe, pale Mtwara mjini, nikiwa sina safari.

Nayaandika haya kwa sababu juzi nilirudi kule.

Ng'ambo sasa wamepata nchi yao. Mjomba Amade anarudi kwao, na anataka twende wote, mimi ndiye mpwa wake mkubwa, wa kushika nyumba ya ukoo. Mjini nimewaambia wote kwamba nakwenda, na kwamba huko nitakuwa na lori langu mwenyewe. Nimelisema hilo kila kijiwe. Lakini usiku sipati usingizi, na mchana nikishuka kwenye lori nazunguka gurudumu, narudi, nazunguka tena, mpaka dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikaenda kumwuliza bibi. Na hapo ndipo nilipokwama, maana bibi ni mtu wa Kimakua, na Kimakua changu kimepata kutu. Nakisikia chote, kukisema natafuna. Niliogopa kumsemesha kwa ulimi mbovu, na Kiswahili niliona ni kumrudisha kwenye mwiba wake. Kwa hiyo nikamchukua Mwanacha, binti wa Mjomba Amade, yule aliyevuka akiwa tumboni. Kimakua amekinyonya kwa mama yake. Meno ya mbele hana, na mdomo wake, sitaki kusema umetoka wapi.

Kuta ni zile zile. Mtini umekula jiwe la mlango. Kwenye mnara kile kipande cha buluu hakipo tena. Makaburi mawili nyuma ya kisima yalikuwa yamefunikwa majani kiunoni, tukayang'oa. Kisha nikajisafisha koo. Nikasema nimeombwa na mjomba nirudi naye kushika nyumba, nami sina shida, nimekwisha zunguka barabara zote za kusini, mtu kama mimi popote naishi, ila kwa heshima tu nimeona nipite kuuliza. Maneno mazuri. Nikamwashiria mtoto.

Mwanacha akapiga magoti, akaegemea jiwe kama anaongea na mtu mgumu wa kusikia, akasema kwa Kimakua:

"Bibi, huyu kaka anaogopa kwenda. Na kubaki anaona haya."

Nikamwambia, "Sikusema hivyo!"

"Umesema."

"Nimesema sina shida!"

"Ndiyo hivyo hivyo, kaka."

Nilikaa chini. Pale pale kwenye majani yaliyong'olewa, na suruali yangu ya mjini. Miaka yote nimesimulia vijiweni kwamba bibi alinichukua kwa sababu ya Kiswahili changu. Sasa sina hakika kama wale waliolala wanajali lugha hata kidogo. Yule mama alijibu akiitwa Babu. Nadhani bibi alihitaji mtu mwenye mdomo usio na adabu, wa kulitoa nje lile neno alilolifunga kwenye maneno mazuri, alisikie kwa masikio yake mwenyewe. Kofi lile la mgongo nalisikia hapa hapa, kati ya mabega, na leo ningempa mtoto huyu la kwake, ila mkono ulikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa unamwaga unga, na ulikuwa unatetemeka.

Kichuguu kikasimama, kimeinama upande mmoja. Tukakifunika. Nikamkumbusha Mwanacha kwamba njiani hakuna kuongea. Alivumilia mpaka penye ukuta wa kwanza, ule wenye mlango usio na nyumba.

"Kaka," akasema, "na unga ukianguka?"

Hairuhusiwi kujibu. Nikajibu.

"Ukianguka tutarudi, nimwambie mwenyewe."

"Kwa Kimakua?"

"Kwa Kimakua."

Akafikiri kidogo, akarukaruka juu ya mizizi ya ule mtini. "Basi twende nikufundishe," akasema, na akaanza, kwa sauti kubwa, na neno la kwanza alilonifundisha ni *naogopa*. Nikamfuata nyuma nikilirudia, njia nzima mpaka barabarani.